Mbanja Korosho na Jukwaa la Taifa

Kwetu Likoni ukilitaja neno kubanja, mtu hana haja ya kuuliza unabanja nini. Ni korosho. Zimechomwa mpaka ganda limekuwa jeusi na mafuta yake yamekwisha kuwaka, zimemwagwa chini ya mwembe, na akina mama wameketi na vijiti vyao: gonga mara moja, ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima. Ukikosea kipimo umeivunja, na bei imeshuka. Basi nilipokuwa nahangaika kuwaeleza watoto wa kaka yangu kwamba tunakwenda Nairobi kutazama mchezo uitwao The Nutcracker, nikawa nazunguka na "kifaa cha kuvunjia kokwa, kimechongwa mfano wa askari", yule mkubwa, msichana wa miaka tisa, alinisikiliza kisha akanitua mzigo: "Kumbe ni Mbanja Korosho, shangazi." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu mchezo huo hauna jina jingine, na hapa pia nitauita hivyo.

Ni mchezo wa baleti, na huchezwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na kila mwenye jamaa mbali akitafuta tiketi ya basi. Kundi lililouleta katika likizo za familia za Nairobi ni Dance Centre Kenya, shule ya dansi iliyoanzishwa mwaka 2015 na Cooper Rust, mwalimu aliyetoka jimbo la South Carolina huko Marekani. Mwaka 2025 taasisi hiyo ilitimiza miaka kumi. Miaka kumi ya kuwafundisha watoto dansi, katika nchi ambayo mzazi bado anauliza "hiyo itamlisha?", inastahili kuandikwa. Lakini siwezi kuianza historia hii mwaka 2015. Jukwaa la Kenya National Theatre, yaani Ukumbi wa Taifa, ambalo watoto hao wamelichezea, lilikuwa na kesi na baleti tangu zamani, na asiyeijua kesi hiyo hataona ni jambo gani lililotokea siku kijana wa mtaa wa Kuwinda aliposimama juu yake.

Safari yetu haina mengi. Tulivuka feri kukiwa bado na giza, tukapanda matatu mpaka Miritini, tukakaguliwa mizigo, tukapanda SGR. Mdogo wake yule msichana, wa miaka sita, aliwahesabu ndovu wa Tsavo hadi usingizi ukamchukua. Alasiri tukawa Nairobi na masweta yetu.

Ukumbi wa Taifa uko barabara ya Harry Thuku, unatazamana na hoteli ya Norfolk. Niliwasimamisha watoto pale nje kabla hatujaingia, kwa sababu kipande hicho cha barabara kina mambo mazito kuliko upana wake. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1904, ikawa kijiwe cha walowezi. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika kituo cha polisi kilichokuwa karibu, ukidai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe. Polisi wakafyatua risasi, na Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao wakafyatua za kwao. Serikali ilitaja maiti 21, watu walioshuhudia walitaja wengi zaidi. Miaka thelathini baadaye, ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, tarehe 6 Novemba 1952, mwigizaji wa Kiingereza Sir Ralph Richardson akaufungua ukumbi ulioitwa wa taifa. Siku kumi na saba kabla yake, Oktoba 20, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Watu walikuwa wakikusanywa kwa malori na kupelekwa kizuizini, na huku pazia jipya linafunguliwa, na ndani kuna viti, taa, na nia iliyotangazwa ya kuwakutanisha watu wa rangi zote kwa njia ya utamaduni. Nani angekutana na nani usiku ule, akiwa na kipande mfukoni na askari barabarani? Kwa miaka mingi jukwaa hilo likawa la michezo ya Kiingereza, likichezewa na Waingereza, kwa ajili ya Waingereza.

Uhuru ukaja mwaka 1963. Bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, ratiba ya ukumbi haikubadilika hivyo.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kupeleka michezo Lagos, kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika mwanzoni mwa 1977. Michezo miwili ilichaguliwa. Mmoja ni The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambao sisi tuliousoma kwa Kiswahili tunaujua kwa jina la Mzalendo Kimathi. Wa pili ni Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Ilikuwa haki ionyeshwe kwanza nyumbani, na nyumbani kwa michezo ya taifa ni Ukumbi wa Taifa. Waandaaji walipoomba nafasi mwezi wa Oktoba, wakati taifa linapoadhimisha mashujaa wake, waliambiwa nafasi ni finyu. Ukumbi ulikuwa umeshatengewa wengine: komedi ya muziki iitwayo A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, na kundi la vijana wa baleti kutoka Ufaransa, Jeune Ballet de France. Kila mchezo wa Kenya ukapata siku nne.

Ngũgĩ amelisimulia jambo hilo kwa uchungu katika maandishi yake, na uchungu huo ni wa haki. Hebu fikiri: karibu miaka kumi na mitatu ya uhuru, mchezo kuhusu mtu aliyenyongwa kwa ajili ya uhuru huo, unaofunguliwa tarehe 20 Oktoba, siku ile ile iliyotangaziwa Hali ya Hatari, na unaambiwa ujibane kidogo, maana wageni wanakuja kucheza kwa ncha za vidole. Usiku wa kwanza watu walijaa. Anasimulia kwamba mchezo ulipokwisha waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakainuka kuwafuata, wakatoka wote nje kwa wimbo na dansi mpaka barabarani, mbele ya Norfolk. Waliposhika njia hiyo tena usiku uliofuata, polisi walikuwepo kuwazuia.

Mimi ni mtu ninayeipenda baleti, na nalisema hili bila kusita: mwaka 1976 ningekuwa upande wa waliotoka wakiimba. Wale vijana wa Ufaransa hawakuwa na kosa, waliitwa wakaja. Kosa lilikuwa kwa waliopanga ratiba, ambao machoni pao baleti ilikuwa mgeni wa heshima na Kimathi alikuwa mpangaji. Kuanzia hapo, kwa watu wengi walioshughulikia sanaa nchini, neno baleti lilibaki na harufu ya mlango uliofungwa. Walimu wangu wa fasihi walilitamka hivyo, na mimi nikalipokea hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Mchezo ukapigwa marufuku, na tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Ukumbi wa Taifa uliendelea kuzeeka, na viti vyake pia, hadi ukarabati mkubwa ulipofanywa na ukafunguliwa upya Septemba 2015, mwaka ule ule Cooper Rust alipoanzisha shule yake. Hakuna aliyepanga mambo hayo mawili yakutane. Yalikutana tu.

Na mchezo wenyewe? Watu wengi hudhani ulizaliwa ukipendwa. La. Asili yake ni hadithi ya Mjerumani E. T. A. Hoffmann ya mwaka 1816, yenye giza na vitisho kuliko ilivyo leo. Alexandre Dumas wa Ufaransa akaisimulia upya mwaka 1844 kwa ulaini zaidi, na ulaini huo ndio uliofika St. Petersburg, Urusi, ambako Pyotr Tchaikovsky aliutungia muziki. Ulichezwa mara ya kwanza tarehe 18 Desemba 1892 katika ukumbi wa Mariinsky. Mpangaji mkuu wa dansi, Marius Petipa, aliugua, kazi ikamwangukia msaidizi wake Lev Ivanov. Wahakiki hawakufurahi. Moja ya lawama zao ilikuwa kwamba watoto wamejaa jukwaani kupita kiasi, na kwamba mchezaji mkuu wa kike haonekani mpaka mchezo unakaribia mwisho. Tchaikovsky alifariki mwaka uliofuata bila kujua kwamba lawama hiyo ya watoto ndiyo ingeuokoa mchezo wake.

Maana kisa ni cha mtoto tangu mwanzo. Mkesha wa Krismasi, nyumba imejaa jamaa, na mzee wa ajabu, fundi wa saa, anamletea msichana Clara zawadi: askari wa mbao wa kubanjia kokwa. Kaka yake anamnyang'anya na kumvunja. (Ni nyumba gani isiyolijua tukio hilo siku ya Idi, baada ya zawadi kufunguliwa?) Usiku wa manane panya wanavamia, askari wa mbao anaamka kuwakabili, na Clara anamwokoa kwa kumtupia mfalme wa panya kiatu chake. Halafu theluji, halafu nchi ya peremende, ambako kila kitamu kinacheza: chokoleti, kahawa, chai. Mle ndani kuna sauti ya selesta, kinanda kidogo ambacho nyundo zake hugonga vipande vya chuma, kinachosikika kama matone yanayoanguka kwenye bilauri. Tchaikovsky alikikuta Paris, akaagiza kiletwe kwa siri asije mtunzi mwingine wa Urusi akamtangulia kukitumia.

Waliougeuza mchezo huu kuwa wa kila mwaka ni Wamarekani. San Francisco Ballet iliucheza mzima mkesha wa Krismasi wa 1944, vita bado havijaisha. Miaka kumi baadaye, 1954, George Balanchine akauandaa kwa New York City Ballet na kuwapa watoto sehemu kubwa. Balanchine alijua alichokuwa akifanya, kwani yeye mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi wa baleti kule Urusi, alikuwa ameucheza utotoni. Toka hapo makundi makubwa na madogo yakaufuata, na leo kundi la baleti la mji wa kawaida Marekani hupata sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka kutokana na majuma machache ya Desemba. Watu huzungumza juu ya hilo kama biashara tu. Mimi naona kitu kingine: ukiwa na mchezo mmoja unaorudi kila mwaka, unao pia ngazi. Mtoto anaingia akiwa panya mdogo wa nyuma. Mwaka unaofuata ni askari. Halafu chembe ya theluji, halafu mmoja wa wale wa chai au kahawa, na siku moja, kama mifupa na moyo vimekubali, yeye ndiye Clara au mwana wa mfalme. Na kila panya mdogo amemwona aliyemtangulia akipanda. Sisi wa pwani tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Hakuna aliyeamka siku moja akapewa nzumari. Ulianza kwa kubeba ngoma za wakubwa, ukapewa upatu, ukakosea, ukanyang'anywa, ukapewa tena.

Ngazi hiyo ndiyo Dance Centre Kenya iliyoijenga Nairobi. Shule ina wanafunzi ambao wazazi wao wanalipa ada, watoto wa mitaa yenye nyasi zilizokatwa, na ina wale wanaofadhiliwa, wengi wao wakitoka Kibera, Kuwinda na mitaa mingine ya mabati, chini ya shirika la Artists for Africa ambalo Rust pia analiongoza. Wote huingia jukwaani wamevaa sare moja ya panya. Kabla ya hapo na sambamba na hapo, kazi kama hiyo ilikuwa ikifanywa Kibera kwenyewe na shirika la Anno's Africa, ambako mwalimu Mike Wamaya alifundisha baleti katika darasa la shule, madawati yakisogezwa na vumbi likifagiwa kabla ya zoezi. Picha za madarasa hayo zilizunguka duniani. Ni picha nzuri, ila zina udhaifu mmoja: zinamwonyesha mtoto na umaskini wake kwa pamoja, hata usijue unaambiwa utazame kipi. Jukwaani taa haimulikii mabati. Inamulika mguu, na mguu umenyooka au haujanyooka.

Joel Kioko, yule kijana niliyemtaja mwanzoni, alikulia Kuwinda, kando ya Karen. Somo lake la kwanza la dansi lilikuwa katika darasa la shule ya umma, kuta tupu, hakuna kioo, hakuna ufito wa kushikia, madawati na viti vimetolewa nje. Anayejua baleti ataelewa uzito wa hayo. Ufito ndio unaomshika mwanafunzi wakati mwili haujajifunza kujisimamia, na kioo ndicho kinachomwambia ukweli mwalimu anapotazama mwingine. Yeye alianza bila vyote viwili. Akafundishwa, akapata nafasi ya kusomea dansi Marekani, na Desemba 2016 akarudi nyumbani kwa Krismasi. Wakati wengine wanarudi na kupumzika, yeye alipanda Ukumbi wa Taifa na kucheza peke yake katika Mbanja Korosho. Baadaye akapata nafasi katika English National Ballet School mjini London.

Oktoba 1976 hadi Desemba 2016: miaka arobaini na miezi miwili. Ukumbi ni ule ule, na ng'ambo ya barabara Norfolk ipo palepale. Mwaka 1976 baleti ilikuja na ndege, ikachukua siku za wenyeji, ikaondoka na ndege. Mwaka 2016 aliyekuwa akiruka juu ya mbao zile alikuwa amekulia mji huo huo, na nyuma ya pazia walikuwepo panya na askari ambao kesho yake wangekunywa chai katika nyumba za Nairobi hiyo hiyo. Sisemi kwamba deni la 1976 limelipwa. Deni lile lilikuwa la Mzalendo Kimathi, na hulipwa kwa michezo yetu kupewa jukwaa, jambo linalopiganiwa hadi leo. Nasema tu kwamba safari hii baleti haikumtoa mwenye nyumba. Iliingia kupitia kwa watoto wake.

Mwaka 2020 kumbi zote zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na kila aliyeishi kwa jukwaa nchini alijua maana ya njaa ya mwili na ya moyo. Shule ambayo kazi yake yote inategemea miili ya watoto kuwa chumba kimoja ilikuwa na kila sababu ya kufa. Ilivuka.

Na sisi je, usiku wetu? Taa zilipozimwa mdogo alinishika mkono. Panya walipotokea alisimama juu ya kiti, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu, badala ya kukasirika, akamwambia, "Waambie waende, baba." Hiyo ndiyo raha ya mchezo wa familia: hakuna aliyekuja kunyamaza. Dada yake yeye hakusema kitu mpaka wachezaji wa theluji walipoingia na zile sketi za wavu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikitikisika kila kiuno kilipogeuka. Akaninong'oneza kwa mshangao wa mtu aliyekutana na jirani ugenini: "Shangazi, wamevaa hando." Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa sahihi. Bibi yake, mama wa mama yake, Mgiriama wa Kisauni, ana hando lake sandukuni, kitambaa cha mita nyingi kilichofinywa na kushonwa mikunjo kwa mikunjo hadi kikawa sketi fupi nene inayosimama yenyewe kiunoni na kupokea kila mtikiso. Mafundi wawili wa mabara mawili wamekabiliwa na swali moja, namna ya kuufanya mguso mdogo wa nyonga uonekane na aliye mbali, na wamelijibu kwa njia moja.

Kahawa nayo ilileta maneno. Katika nchi ya peremende kahawa ni dansi ya taratibu, ya kuvutika, na inaitwa ya Kiarabu. Yule mdogo alingoja, akangoja, kisha akauliza kwa sauti, "Mbona hagongi vikombe?" Kwake muuza kahawa ni yule mzee wa jioni, dele na makaa mkono mmoja, vikombe vikigonganishwa mkono wa pili, kashata pembeni. Nilimwambia nyumbani baadaye kwamba muziki ule hata Uarabuni haukutoka. Tchaikovsky aliutoa kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa Georgia. Sehemu hiyo ya mchezo, ambapo mataifa yanageuzwa kuwa vitamu vya mezani, ndiyo iliyochakaa kuliko zote, na makundi kadhaa ulimwenguni yameirekebisha ili Mchina na Mwarabu wasiwe vikaragosi. Ningependa siku moja kuiona Nairobi ikitia kahawa yetu mle, na vikombe vigonge.

Nimeyaandika haya nikiwa Likoni, na lazima nizungumze juu ya umbali. Kaunti ya Mombasa ina majimbo sita ya ubunge, na matano yako bara: Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti, na wengi wao tunalala bara na kuvuka kwenda kisiwani kutafuta. Kumbi za mji huu ambazo watu huzitaja pakitajwa maonyesho, Little Theatre Club na ule wa jamii wa Tononoka, ziko kisiwani. Hata furaha ya Idi ya watoto wetu huvuka maji: wanavalishwa nguo mpya, wanapelekwa Makadara kwenye pembea, na jioni wanarudi na feri wamelala mabegani.

Lakini wachezaji hatujapungukiwa. Likoni ni ya sengenya ya Wadigo, na nzumari yake ikilia hata aliyekuja kuomba deni anasahau. Kisauni, upande wa Wagiriama, kuna gonda. Chakacha haina haja ya kutajiwa mtaa. Kila mwaka walimu wa shule za msingi za Changamwe, Kisauni na Likoni huwapanga watoto kwa ajili ya mashindano ya muziki, na nimekaa kwenye viwanja vya shule nikatazama mwalimu mmoja, filimbi mdomoni, akiwarudisha watoto thelathini mwanzo kwa sababu bega la mmoja limechelewa. Huo ni ukali wa baleti kabisa, umeshika kayamba. Kinachokosekana ni kile Nairobi ilichokipata kwa Mbanja Korosho: kazi moja inayorudi kila likizo, kwa tarehe inayojulikana, ili mtoto wa darasa la pili ajue mwaka kesho atakuwa nani, na mwaka kesho kutwa. Mashindano humalizika kwa kikombe, sare zikafungiwa kabatini, mwalimu akahamishwa, na watoto wakaanza upya na mwingine. Mimi sidai tujengewe jumba kesho. Nadai tarehe.

Tulirudi Likoni siku ya pili yake. Kwenye kibanda cha kungojea feri, katikati ya mikokoteni ya nyanya na baiskeli, yule msichana alijaribu kusimama kwa vidole, akashika chuma cha kuzuia watu kama ufito, akaanguka, akajaribu tena. Bibi mmoja mwenye kapu alimtazama kwa muda. "Mwanangu, unataka kuona nini huko mbele?" "Sioni kitu, bibi. Nacheza." Bibi akasogeza kapu lake akampa nafasi.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amewakusanya binamu zake chini ya mwembe. Mdogo ni mfalme wa panya, alikataa kuwa chini ya hapo. Askari wa mbao ni mtoto wa jirani, kwa kuwa ana buti. Theluji ilitakiwa iwe unga, mama yake akakataa, ikawa majani makavu ya mwembe. Tatizo lilikuwa muziki: simu yangu haikuwa na chaji, na binti hakutaka mchezo uahirishwe. Akamwendea babu yake barazani, aliyepiga nzumari ya sengenya harusi nzima nzima za ujana wake na sasa pumzi yake ni ya robo saa, akamweleza kisa chote, mkesha, zawadi, panya, kiatu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza aletewe nzumari kutoka juu ya kabati, akaipangusa, akalowesha tete, na kabla hajaipeleka mdomoni akauliza:

"Huyo panya wako anaingia kwa mguu gani?"